Nyonyo Nne za Edina

Majengo, Dodoma
11 Januari 1993

Dada Paskazia,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo shangazi Zipora, na mkono wake wa pili umemshika mwanangu Edina. Nimewapandisha lori la Batholomeo, mbele kwa dereva, si juu ya magunia. Wapokee, mtoto kwanza, barua baadaye.

Utashangaa mtoto wa miaka miwili na miezi minne, aliyeacha ziwa zamani, analetwa Kibakwe kuachishwa nini. Anaachishwa nyonyo, ile chuchu ya mpira isiyotoa hata tone. Usicheke. Najua unacheka.

Unajua kazi yangu. Tangu mambo yawe ruksa na mizigo ya Kariakoo ianze kupanda huku bara, nimetoka kwenye karanga za kupima kwa kikombe nikafika kwenye kibanda chenye mlango na kufuli, na hakuna aliyenishika mkono. Nauza vitu vya watoto. Kinachotoka kuliko vyote ni nyonyo. Zipo arobaini na nane zinaning'inia kwenye kamba mbele ya kibanda, na chini ya kamba anakaa Edina na ya arobaini na tisa mdomoni. Akina mama wanapita na watoto wanaopiga kelele, wanamwona wangu katulia kama picha ukutani. "Mama Edina, huyu unampa dawa gani?" Nanyoosha kidole juu kwenye kamba. Mwanangu amekuwa ubao wa tangazo, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki. Uzito hauna neno, kilo kumi na mbili na robo. Nesi akamwambia ang'ate meno. Akang'ata, na ya juu na ya chini hayakukutana. Nilipofika nyumbani nikapima kwa punje ya haragwe: imepita katikati bila kugusa juu wala chini. Nesi alisema, "Bado ni meno ya utoto, akiacha sasa yatarudi. Ukichelewa shauri yako." Alisema mstari mzima ukisikia, na wawili kwenye mstari ule nyonyo za watoto wao walinunua kwangu.

Nimejaribu mwenyewe. Siku ya kwanza nilipaka shubiri. Akailamba mpaka ikaisha, akaendelea. Siku ya pili niliificha. Akapanda juu ya ndoo akachomoa mpya. Siku ya tatu nilishusha kamba yote nikafungia ndani ya boksi. Alikaa mbele ya boksi akalia toka saa tatu asubuhi mpaka saa saba na dakika ishirini, wateja wananipita wakidhani nimempiga. Mlevi huwezi kumwachisha pombe humo humo kilabuni, dada. Ndiyo maana namleta kwako.

Nimefunga nyonyo nne kwenye leso. Wiki ya kwanza mpe nzima. Wiki ya pili kata ncha kwa mkasi, upana wa punje ya mchele. Wiki ya tatu, upana wa punje ya mahindi. Ya nne kibaki kishikio tu, atakinyonya nini? Siku ya ishirini na nane, tarehe 8 Februari, nakuja kumchukua.

Ishirini na nane, si ishirini na tisa. Wewe unajua kwa nini nahesabu. Mimi nilipelekwa Wotta kwa bibi kuachishwa ziwa, na mama alisema wiki mbili. Nilirudi nikiwa na miaka tisa, nimeota meno ya ukubwani na niko darasa la tatu.

Baba yake, Henry, bado yuko Singida kikazi. Nimemwandikia. Atasoma akipata muda.

Mdogo wako,
Yasinta


Kibakwe
19 Januari 1993

Mdogo wangu Yasinta,

Marahaba. Mwenye haragwe mdomoni amefika salama. Njiani katapika mara mbili, mara zote mbili juu ya shangazi Zipora, na shangazi anasema nguo zake utazifua wewe.

Barua yako nimeisoma kama maelekezo ya mbolea: wiki hii kipimo hiki, wiki ile kipimo kile. Alilia sana alipofika, na alikutaja sana alipofika. Sasa anakula. Ugali wa mtama na mlenda anavuta mpaka kwenye kiwiko. Habari ya nyonyo, tunaendelea nayo.

Neno moja nikuambie, halafu sirudii. Batholomeo anasema pale mbele palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Alikungoja, akadhani umekwenda kuchukua kikapu chako ili upande. Ungemleta mwenyewe, ukalala hapa siku moja, ukaniona nami. Tangu marehemu aondoke na mwanangu Optatus aende shule ya bweni, humu ndani nazungumza na sufuria.

Mbuzi wangu mweupe amekufa akizaa. Ameacha kitoto kimoja, kinalia kutwa. Nakinywesha maziwa kwa chupa ya soda na kitambaa, nusu yanaishia chini. Ukipata chuchu ya chupa, ile yenye tundu kubwa, nitumie. Edina hatoki hapo zizini. Anakiita Toto.

Dada yako,
Paskazia


Majengo, Dodoma
26 Januari 1993

Dada Paskazia,

Shikamoo. Chuchu ya chupa hiyo hapo, na nyingine ya akiba. Tundu nimelitanua kwa sindano ya moto.

Leo ni siku ya kumi na tano. Umeniandikia "tunaendelea nayo". Hiyo ni habari gani? Mtu akiniuliza mzigo umefikia wapi nikamjibu unaendelea, atanisikiliza? Niambie mmefikia mkato upi, wa mchele au wa mahindi. Usiku anaamka mara ngapi? Kwangu alikuwa anaamka mara tatu, kila ikidondoka.

Siti ya tatu niliiona. Sikuwa kipofu. Kesho yake nilikuwa na mzigo unafika na treni, maboksi sita, na mwenye mzigo asipokuwepo stesheni maboksi sita huwa matano. Wewe una shamba. Ukiondoka siku mbili, unalikuta palepale. Kibanda ukikiacha siku mbili unakuta mtu kakizoea. Usinihukumu kwa siti.

Huku hapakaliki. Nafagia palipofagiliwa. Jirani yangu Mrisho, yule wa kandambili, jana alinipigia kelele watu wakiwepo: "Mama Nyonyo! Leo siku ya ngapi unauza bila sampuli?" Nikamwambia sampuli imepelekwa matengenezoni kwa dada. Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikageuka nikaanza kupanga chupa ambazo nilikuwa nimekwisha kuzipanga. Mrisho akaja taratibu akaniwekea kahawa mezani. Huruma ya mtu wa utani ndiyo inayochoma.

Wanaouliza mtoto yuko wapi nawaambia yuko nyumbani amelala. Siku kumi na tano amelala.

Swali moja nijibu hata kama mengine utayaacha. Ananiulizia?

Mdogo wako,
Yasinta


Kibakwe
6 Februari 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii anaibeba mwalimu Hassani, ambaye anavuka korongo kwa miguu kwenda Mpwapwa. Mvua imekata barabara sehemu mbili. Batholomeo alikwama siku tatu, akalala juu ya maharage ya watu, na maharage yakaanza kuota. Kwa hiyo tarehe nane usije. Utalala njiani bure. Isitoshe mtoto ana mafua kidogo, safari ya mvua si nzuri kwake.

Chuchu zimefika, Mungu akubariki. Kitoto cha mbuzi sasa kinanywa chupa mbili, kinaruka, kimekula pindo la shuka yangu. Ukiwaona wanavyofukuzana na Edina utacheka mpaka ukae chini. Asubuhi mbuzi analia mlangoni kwetu, Edina anakwenda kumfungulia, kisha wanakuja wote wawili kudai uji.

Nyonyo sasa ni wakati wa kulala tu. Polepole ndio mwendo.

Jumapili alisimama mbele na watoto wenzake kanisani, akaimba mwanzo mpaka mwisho, kinywa wazi kama kifaranga. Maneno alikuwa anatunga mwenyewe. Padri alishindwa kujizuia. Amenenepa, mashavu yamejaa. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Paskazia


Majengo, Dodoma
20 Februari 1993

Dada Paskazia,

Shikamoo.

Leo siku ya arobaini. Nimekaa na barua yako wiki nzima naisoma kama mtu anayehesabu magunia akaona moja linapungua lakini hajui lipi. Sasa nimejua.

Edina anatoboa nyonyo moja kwa siku tisa. Nimelihesabu jambo hilo tangu magego yalipoota, na sijawahi kuona nyonyo ikafika siku ya kumi. Nilikupa nne. Nne mara tisa ni thelathini na sita. Kwa hiyo siku nne zilizopita ulipaswa kuwa umeniandikia, "Yasinta, zimeisha, mtoto analia, tuma nyingine." Kibakwe hakuna duka linalouza nyonyo. Lingekuwepo ningejua, maana wangekuja kuchukua kwangu. Mbona hujaomba?

Utaniambia siku hizi ni ya kulalia tu, ndiyo maana zinadumu. Hapana, dada. Hata hapa mchana aliinyonya tu. Aliitafuna usingizini. Ya kulalia ndiyo inayokufa haraka.

Halafu kanisani. Mwanangu ameimba mwanzo mpaka mwisho, kinywa wazi. Mwanangu huyu ambaye hata jina lake alikuwa analitamka pembeni mwa mpira!

Edina ameacha. Ameacha zamani, tena umenificha. Na kama ameacha, anafanya nini huko?

Nilikuuliza ananiulizia. Ukanijibu habari za mbuzi. Nimehesabu: mbuzi mistari sita, swali langu hata nukta moja hukulipa.

Nisikilize vizuri. Najua mambo haya yanavyokwenda, maana nimekwisha kuyapitia. Kwanza ni barabara mbovu. Halafu mafua. Halafu "amenenepa, usiwe na wasiwasi". Hata mimi nilinenepa Wotta. Miaka saba nilinenepa. Wewe ulilala na mama kitanda kimoja, ukasukwa nywele na mama kila Jumamosi, mimi nikaambiwa eti nilikataa kurudi. Mtoto wa miaka miwili anakataaje? Kwa hati ya kiapo? Nilipofika umri wa kuuliza, mama alikuwa anaondoka jikoni kila nikianza. Akafa bila kunijibu. Sasa na wewe unaanza kuondoka jikoni.

Niandikie ukweli. Barabara ikifunguka nakuja, uwe umeandika au hujaandika.

Yasinta


Kibakwe
3 Machi 1993

Mdogo wangu Yasinta,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuja imekunja ndita.

Ameacha. Aliacha siku ya tano. Jumamosi ile ya kwanza.

Mkasi sikuugusa. Niliogopa kipande kitabaki mdomoni kimkabe. Nilisema nitampa hivyo hivyo nzima mpaka nipate akili nyingine. Asubuhi hiyo kitoto cha mbuzi kilikuwa kinalia tangu jogoo wa kwanza, na Edina alikuwa amechuchumaa mbele yake, naye machozi hayajamkauka. Wakatazamana. Akatoa nyonyo mdomoni, akaifuta kwenye gauni, akamtia mbuzi mdomoni. Mbuzi akanyamaza. Akaitafuna mpaka nikakimbia kumtoa vipande kooni.

Nilidhani sasa vitaanza vilio. Nikamletea ya pili. Akaipokea vizuri, akampelekea mbuzi. Ndipo nilipoelewa, Yasinta. Kwa akili yake, nyonyo ni ya anayemlilia mama yake. Yeye alikuwa amemaliza zamu yake, akaipisha. Mbili zilizobaki nilizitundika msumarini nyuma ya mlango, na hajazitaka.

Sasa lile nililokuficha. Siku zile za kwanza kila lori likipita alikimbilia barabarani akisema mama. Jumamosi ile jioni lori lilipita, hakuinuka. Alikuwa anamkuna mbuzi. Kuanzia siku hiyo hakukutaja. Jumatatu aliniita mimi mama. Nilimsahihisha. Jumanne sikumsahihisha.

Ningekuandikiaje? Ningesema nyonyo imekwisha, ungefurahi, kisha ungeuliza hilo lingine, na mimi nakujua wewe na Wotta yako. Nikasema acha ningoje, labda atakukumbuka. Na nilipenda kuitwa. Hilo nalo sikufichi.

Kuhusu mama. Aliniapisha nisiseme, lakini wote waliohusika wamelala udongoni isipokuwa mimi na wewe.

Wiki mbili zilipoisha, mama alikwenda Wotta kukuchukua. Nilikwenda naye, nina miaka kumi. Ulikuwa umekaa mkekani na bibi mnabangua karanga. Mama akakuita. Ukamtazama vile anavyotazamwa mpita njia, ukaingia nyuma ya mgongo wa bibi. Akakuita tena, ukaanza kulia. Alikuwa amekuletea gauni jekundu, ameshona kwa mkono siku zote kumi na nne. Akaliweka kizingitini, akanishika mkono tukaondoka. Njiani akasema, "Ukisema tulichokiona nitakuchapa. Waambie hataki kurudi. Nitamfuata baada ya mavuno." Wajua mavuno ya huku. Hayajaisha haya, mengine yameanza. Mama hakuogopa safari. Aliogopa kutazamwa vile mara ya pili.

Njoo, Yasinta. Barabara inapitika. Njoo kabla ya mavuno. Na usije kama mtu anayekuja kuchukua mzigo stesheni.

Dada yako,
Paskazia


Majengo, Dodoma
9 Machi 1993

Dada,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi tarehe 13. Kibanda nimemwachia Mrisho ufunguo. Siku mbili.

Gauni jekundu nalikumbuka. Lilikuwa na vifungo vitatu mgongoni, kimoja hakikufanana na vingine. Nililivaa mpaka likawa blauzi. Siku zote nilijua ni bibi aliyelishona.

Yasinta


Kibakwe
22 Machi 1993

Mdogo wangu,

Natumaini mlifika. Hukuniandikia, nami siwezi kukulaumu.

Tuliyoambiana Jumamosi ile jikoni yabaki jikoni. Uliniita mwizi. Mimi nikakuita mfanyabiashara, na nililitamka kama tusi. Halikuwa neno la kukutusi. Chakula cha Optatus shuleni kwa miaka miwili kimetoka kwenye kibanda chako, nikasahau kulisema hilo.

Kinachonirudia ni Jumapili asubuhi. Ulivyochuchumaa pale zizini ukimwita kwa sauti ndogo, naye amejificha nyuma ya mbuzi, anakuchungulia. Ulikaa chini kwenye mavi ya mbuzi na sketi yako ya mjini, hukujali. Kisha Batholomeo akapiga honi, ukambeba hivyo hivyo anarusha miguu. Alininyooshea mikono akaniita mama, jina lililo lako. Sikusogea. Nilishikilia nguzo ya zizi mpaka vumbi likatua. Kama kuna siku nimekupenda kuliko siku zote, ni ile niliyoshika nguzo.

Mbuzi analia. Nimerudi kuzungumza na sufuria.

Lakini kuna jambo. Nyuma ya mlango msumarini palikuwa na nyonyo mbili. Mlipoondoka nimekuta moja. Pindo la khanga yako lilikuwa na fundo. Mimi nami kuhesabu najua kidogo.

Sikuulizi kwa ugomvi. Siku tano za machozi, na siku hamsini na saba bila nyonyo. Niambie tu. Ulimpa?

Dada yako,
Paskazia


Majengo, Dodoma
4 Aprili 1993

Dada Paskazia,

Shikamoo.

Hesabu yako ni sahihi. Niliichukua mimi, alfajiri, ulipokwenda kukamua. Nilijiambia ni ya dharura.

Mbele kwa dereva palikuwa na mgonjwa, tukapanda juu ya magunia. Tulikuwa watu kumi na saba na kuku sita. Edina alilia kutoka kwako mpaka korongo la pili, saa moja na robo kwa saa yangu. Hakuwa analia kama anayetaka kitu. Alikuwa analia kama aliyeibiwa. Kila nikimshika anajipinda, anainyooshea mikono njia tulikotoka, mama, mama. Watu walianza kunitazama. Mwanzo kwa huruma. Baadaye si kwa huruma.

Palikuwa na mzee mmoja, Matonya, ana fimbo na redio isiyo na betri. Akaniuliza mbele ya wote: "Mama, samahani. Huyu mtoto ni wako kweli?"

Nilifungua kinywa nikakuta sina la kuonyesha. Kadi ya kliniki niliiacha kibandani. Ningesema nini? Kwamba namjua kwa punje ya haragwe? Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kusogea kati yangu na ubao wa nyuma wa lori.

Nikafungua fundo la khanga. Nilijua ninachofanya, usidhani sikujua. Nilimwona nesi, nikaona kamba yangu, nikaona siku zote sitini na mbili zinamwagika. Niliitoa kwa sababu ndicho kitu pekee duniani ambacho mimi na yeye tulikuwa tunakijua wote wawili.

Akanyamaza. Akaipokea. Akaigeuza huku na huku, akaifuta kwenye gauni. Kisha akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike Kibakwe. Sikuwa nimejua kwamba na mimi uso wangu umelowa mpaka kidevuni. Alinitazama, akafikiri, dada, nilimwona anafikiri. Akainyanyua akanitia mimi mdomoni.

Lori zima likageuka kututazama. Hata kuku.

Sikuitema. Ningeitemaje? Nilikaa hivyo, mwanamke mzima na kibanda chake mjini, na nyonyo mdomoni, naye ananipapasa shavu kama anavyompapasa mbuzi wako. Matonya akaitazama redio yake, kisha akasema, "Basi. Ni wake." Ndipo watu wakaanza kucheka, mmoja akakohoa kwa kicheko mpaka akapigwa mgongo. Edina alilala mapajani kwangu kabla ya mteremko. Nimeinyonya mpaka Mpwapwa, dada. Niliogopa nikiitoa ataamka. Ni mpira mtupu. Hauna ladha hata kidogo. Nimeuza mamia kwa mamia, sijawahi kuonja.

Kamba nimeishusha. Usinione mtakatifu: nimebadilishana na Mrisho. Yeye amechukua nyonyo, mimi nimechukua kandambili, na chupa na nepi nimebaki nazo. Sasa anaitwa yeye Baba Nyonyo, na anastahili. Edina anakaa mbele ya kibanda amevaa kandambili mbili za mguu wa kulia. Leo ni siku ya ishirini na moja tangu turudi. Asubuhi amekubali kung'ata meno nikapima. Punje ya haragwe bado inapita, lakini inagusa.

Mama sijaitwa bado. Ananiita "wewe". Juzi alisema mama, nikageuka kwa haraka nikaangusha sufuria ya chai. Hakuwa ananiita mimi. Lori lilikuwa linapita barabarani, na yeye alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

Mimi nilikuuliza swali ukaogopa kulijibu. Wewe hukuuliza, lakini nakujibu, kwa sababu naujua uzito wa kukaa bila kujibiwa. Anakuulizia. Leo peke yake mara nne.

Mavuno yasikukute huko. Jumatano Batholomeo anashuka huko; panda naye uje. Nimemuuliza mwenyewe: mbele kuna nafasi ya mtu wa tatu, na mbuzi anaruhusiwa nyuma.

Mdogo wako,
Yasinta